Usiku kompyuta ilipoimba redioni



Mimi ni mtu wa redio, na mtu wa redio ana adui mmoja anayemfahamu vizuri sana: mkwaruzo. Umetega sikio kusikiliza taarifa ya habari, jirani anawasha mashine yake, mara sauti ya msomaji inamezwa na mngurumo kama wa nyuki waliochokozwa. Nilianza kumfahamu adui huyo nikiwa mtoto, katika kibanda cha marehemu mjomba wangu aliyekuwa fundi redio mjini Morogoro. Baadaye, nilipokuwa chuoni nasomea diploma ya uandishi wa habari, fundi mitambo wetu alitukataza kabisa kuiweka redio karibu na kompyuta. Alikuwa na haki, kwani kompyuta nayo hupiga kelele zake hewani, hata kama masikio yetu hayazisikii.

Wiki hii nataka kuzungumzia mkwaruzo huo huo, ila safari hii si kama adui. Nitawasimulia habari za kikundi cha wapenzi wa kompyuta wa huko California, Marekani, ambao siku moja mwaka 1975 walikaa kimya wakausikiliza mkwaruzo wa redio, wakaupigia makofi, na ulipokwisha wakapewa wa pili.

Kikundi hicho kiliitwa Homebrew Computer Club. Neno la kwanza la jina hilo Waamerika hulitumia kwa pombe mtu anayojipikia mwenyewe nyumbani, kama sisi tunavyosema pombe ya kienyeji. Kwa hiyo ilikuwa klabu ya watu wanaojipikia kompyuta zao wenyewe, na wakati ule kusema hivyo ilikuwa kama leo mtu aseme anajitengenezea ndege uani.

Tukumbuke, ndugu msikilizaji, kompyuta ilikuwa nini miaka hiyo. Ilikuwa mali ya serikali, benki, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Ilikaa katika chumba chenye baridi na mlango wenye kufuli. Mwenye shida aliipeleka kazi yake dirishani ikiwa imetobolewa kwenye kadi, akaondoka, akarudi baadaye kuchukua majibu. Mtu wa kawaida hakuigusa. Aliona tu bili ya umeme iliyotoka humo.

Basi Januari 1975 jarida moja la mafundi wa Marekani, Popular Electronics, liliweka kwenye jalada lake picha ya kasha la chuma lenye swichi na taa. Hiyo ilikuwa Altair 8800, kompyuta iliyouzwa kwa barua na kampuni ndogo ya MITS ya Albuquerque, jimbo la New Mexico, iliyokuwa chini ya bwana mmoja aitwaye Ed Roberts. Bei yake ilikuwa dola 397, nawe uliletewa vipande vitupu: chipu, nyaya na bati, ukaunganishe mwenyewe kwa risasi ya moto. Haikuwa na kioo wala kibodi. Kumbukumbu yake ilitosha herufi 256 tu. Ujumbe mfupi wa simu zetu hizi una nafasi ya herufi 160, kwa hiyo kompyuta nzima isingeweza kubeba jumbe mbili kamili. Na bado maombi yalimiminika kwa maelfu, hata kampuni ikashindwa kutuma mizigo kwa wakati.

Katika mji wa Menlo Park alikuwapo bwana mmoja, Fred Moore. Huyu hakuwa mhandisi. Alikuwa mpigania amani aliyeanza kujulikana mwaka 1959, alipofunga kula mbele ya Chuo Kikuu cha California huko Berkeley kupinga wanafunzi kulazimishwa mafunzo ya kijeshi. Kufikia 1975 alikuwa akijitolea kwenye kituo kimoja kilichofundisha raia wa kawaida kutumia kompyuta, akiweka orodha ya majina ya watu wenye hamu na mambo hayo. Rafiki yake Gordon French yeye alikuwa mhandisi, tena alikuwa na nyumba yenye banda la kuegeshea gari. Mmoja ana majina, mwingine ana nafasi. Wakabandika matangazo wakiuliza nani anajitengenezea kompyuta, na kama yupo basi aje akutane na wenzake.

Mkutano ukafanyika jioni ya Jumatano, tarehe 5 Machi 1975, mvua ikinyesha. Walifika watu 32. Banda la gari si ukumbi, kwa hiyo wengine walikaa sakafuni kwenye saruji baridi. Altair moja ilikuwa imeletwa, ikawekwa mbele, na kila mtu alitaka kuisogelea. Kijana mmoja aitwaye Steve Dompier alisimulia jinsi alivyosafiri mwenyewe mpaka Albuquerque kuangalia kama kampuni inayochukua fedha za watu ipo kweli. Aliikuta ipo, ndogo, imezidiwa na maombi. Watu wakaulizana nani ana nini na nani anatafuta nini. Mwishoni bwana mmoja akanyanyua mkono ulioshika chipu ya Intel, kitu cha thamani siku hizo, akauliza nani anaitaka. Akaigawa bure.

Naomba tulishike hilo la chipu, kwa sababu tutalirudia.

Miongoni mwa wale 32 alikuwamo kijana mwenye haya nyingi, mwajiriwa wa kampuni ya Hewlett-Packard, jina lake Steve Wozniak. Hakusema mengi. Lakini alirudi nyumbani na karatasi ya maelezo ya chipu iliyokuwa ikigawiwa pale, akaisoma usiku, akagundua kwamba kumbe mashine aliyoiota tangu ujanani sasa inawezekana kutengenezwa kwa mshahara wake. Yeye mwenyewe amesimulia mara nyingi kwamba usiku ule ndio uliomwanzisha.

Sasa tuje kwenye muziki. Mkutano wa Aprili ulifanyika katika shule moja ya Menlo Park iitwayo Peninsula School. Dompier alikuwa amekwisha unganisha Altair yake, lakini alikabiliwa na shida waliyokuwa nayo wenye Altair wote: utaionyeshaje kazi ya mashine isiyo na kioo, isiyo na sauti, yenye taa ndogo tu zinazowaka na kuzimika?

Jibu alilipata kwa bahati. Siku moja alikuwa akiijaribu mashine nyumbani, na kando yake redio ilikuwa wazi akisikiliza habari za hali ya hewa. Kila programu ilipokimbia, redio ilikwaruza. Mimi au wewe tungeizima redio ile. Mjomba wangu angeipiga kofi ubavuni. Dompier alisikiliza. Akatambua kwamba programu moja hutoa mkwaruzo mwembamba na nyingine mkwaruzo mzito, maana mzunguko mfupi wa hesabu unapojirudia kwa kasi hutoa sauti ya juu, na mzunguko mrefu hutoa sauti ya chini. Akakaa akitafuta namba ya kila noti, moja baada ya nyingine, mpaka akapata muziki.

Pale shuleni aliweka mashine sakafuni na redio juu yake, akaanza kuingiza namba kwa kupandisha na kushusha swichi kwa vidole, mstari baada ya mstari. Kazi hiyo ilichukua muda mrefu. Alipokaribia kumaliza, mtu mmoja akajikwaa kwenye waya wa umeme, mashine ikazimika, na kumbukumbu yote ikafutika. Dompier akaanza upya. Hatimaye akabonyeza swichi ya mwisho, na kutoka kwenye redio ukasikika wimbo wa Beatles, The Fool on the Hill. Waliokuwa chumbani walikuwa wahandisi, watu wanaojua kwamba mashine ile haina spika wala waya wa kuiunganisha na redio. Walisimama wakapiga makofi. Kisha, bila kuguswa tena, mashine ikaanza wimbo wa pili, Daisy Bell, ambao mwaka 1961 kompyuta kubwa ilikuwa imeuimba katika maabara za kampuni ya Bell. Walielewa utani huo mara moja. Jambo lililofanywa na kampuni kubwa kwa mashine ya kujaza chumba, sasa limefanywa sakafuni na kijana na redio yake.

Baada ya hapo kikundi kilikua, kikahamia katika ukumbi wa kituo cha utafiti wa fizikia cha Chuo Kikuu cha Stanford, kikikutana kila baada ya wiki mbili, na mamia wakihudhuria. Mwongozaji alikuwa Lee Felsenstein, mhandisi aliyesimama mbele na fimbo ndefu ya kuelekezea. Utaratibu wake ulikuwa rahisi, na ningependa wenyeviti wetu wa mikutano wausikie. Sehemu ya kwanza watu walinyoosha mikono na kusema kwa ufupi: mimi nina kitu fulani, mimi natafuta kitu fulani, mimi nimekwama mahali fulani. Sehemu ya pili kila mtu aliinuka akamfuata yule aliyemsikia. Hapakuwa na meza kuu wala mgeni rasmi. Walipofungiwa ukumbi walimalizia kwenye maegesho, na kutoka hapo kwenye baa ya The Oasis, wakichora saketi kati ya glasi za bia.

Wozniak aliileta mashine yake mbele ya watu hao mwaka 1976. Aligawa michoro yake bure, tena alikwenda majumbani kuwasaidia wenzake kuiunganisha. Rafiki yake Steve Jobs ndiye aliyeona kwamba watu wengi wanataka mashine lakini hawataki kushika risasi ya moto. Tarehe 1 Aprili 1976 wakaanzisha kampuni ya Apple, na mashine ile ikauzwa kwa dola 666 na senti 66. Mnajua ilikofika.

Mpaka hapa hadithi ni tamu, na kama ningetaka kuwafurahisha ningeaga sasa hivi. Lakini lipo jambo chungu, na ndilo lililonikalisha kitako wiki hii.

Wenye Altair walihitaji programu ya BASIC, yaani lugha inayomwezesha mtu kuiamuru mashine kwa maneno badala ya swichi. Programu hiyo iliandikwa na vijana Bill Gates na Paul Allen, wakisaidiwa na mwenzao Monte Davidoff. Juni 1975 kampuni ya MITS ilifanya maonyesho katika hoteli moja ya Palo Alto, na utepe wa karatasi uliotobolewa programu ile ukapotea. Ukaibukia klabuni. Mwanachama mmoja alitoa nakala kwa makumi, akazileta kwenye mkutano, na sharti likawa moja: ukichukua utepe mmoja, urudi na miwili.

Februari 1976 Gates, akiwa na umri wa miaka 20, aliandika barua ya wazi kwa wapenzi wa kompyuta. Alisema kwamba wengi wao wanaiba. Alieleza kuwa kati ya wenye Altair, walioinunua BASIC hawafiki asilimia 10, na kwamba ukigawa mapato kwa saa walizofanya kazi, unapata chini ya dola 2 kwa saa. Akauliza nani atakubali kufanya kazi ya kitaalamu bila malipo.

Klabu ilikasirika. Wengine walisema bei ni kubwa mno na mzigo unachelewa. Lakini mimi, ndugu msikilizaji, siwezi kuipuuza barua ile. Nimefanya kazi na wanamuziki ambao nyimbo zao zilipigwa kwenye kila baa ya Dar es Salaam na kanda zao zikarudufiwa vichochoroni, wakafa bila nauli ya daladala. Mwenye jasho ana haki ya kulipwa.

Na kuna mtu mwingine ninayemsikia ndani ya barua ile, naye ni mjomba wangu. Mjomba alikuwa fundi kweli kweli. Redio iliyoshindikana Morogoro nzima iliishia kwake. Lakini alikuwa na tabia moja: kila alipoweka transista mpya alichukua wembe akazikwangua namba zake, ili fundi mwingine akiifungua redio ile asijue ni ya aina gani. Akifika mahali pagumu, mwanafunzi wake, ambaye ni binamu yangu, alitumwa chai. Nilipomuuliza sababu alinijibu, "Mwanangu, nikimwonyesha leo, kesho anafungua kibanda mbele yangu." Hakuwa mchoyo. Alikuwa na watoto wa kuwalisha, na kile alichokijua ndicho kilichokuwa shamba lake. Alipofariki zilibaki rafuni redio kumi na moja za watu. Wenyewe walikuja mmoja mmoja kuzidai, na binamu yangu, aliyeshinda pale miaka sita, aliweza kutengeneza tatu tu.

Basi swali si nani mwema na nani mbaya kati ya mjomba na wale wa California. Swali ni kama upo uwezekano wa mtu kuonyesha anachokijua na bado akala. Klabu ile ilitoa majibu mawili, na yote mawili tuyasikie.

La kwanza lilitoka kwa mwanachama Tom Pittman. Aliandika BASIC yake ndogo, akaiuza kwa dola 5, bei ambayo kuinunua ni rahisi kuliko kuiiba. Fedha zikaja kwa posta. Mtu mmoja alituma dola 10, akieleza kwamba 5 za ziada ni za nakala aliyokwisha mpa rafiki yake. Wozniak naye aligawa michoro, na kugawa huko hakukumzuia kuwa tajiri.

Jibu la pili si la kufurahisha. Wanachama walivyozidi kufungua makampuni, ndivyo midomo ilivyozidi kufungwa. Mtu aliyezoea kunyoosha mkono na kusema "nimekwama hapa" sasa alikuwa na siri za mwajiri na mshindani aliyeketi kiti cha tatu. Wakubwa wakapungua mikutanoni. Fred Moore, aliyeziunganisha zile namba za simu za mwanzo, hakudumu klabuni. Alirudi kwenye harakati zake za amani, na mwaka 1997 akafariki kwa ajali ya gari. Klabu yenyewe ilifanya mkutano wake wa mwisho Desemba 1986. Makampuni iliyoyazaa ndiyo yaliyoimaliza.

Na sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1974, miezi michache kabla ya mkutano wa kwanza wa akina Moore, serikali yetu ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na kompyuta iliyofungwa Hazina kwa kazi za mahesabu ilikuwa imeleta hasara na vurugu. Sababu hizo zilikuwa za kweli, nami siwahukumu wazee waliozipima. Lakini marufuku ile ililenga mashine ya chumba chenye kufuli, mashine ya wakubwa, wakati huo huo watoto wa mtu wa kawaida kwingineko wakianza kuishika mikononi. Marufuku ililegezwa miaka iliyofuata, na leo kompyuta iko mfukoni mwa kila muuza maji pale Ubungo.

Kwa hiyo hatuwezi tena kusema tatizo ni mashine. Pita Kariakoo uwaone mafundi simu wamekaa bega kwa bega, kila mmoja ameinamia ubao wake, na kila mmoja amegundua peke yake jambo ambalo jirani yake analihangaikia tangu asubuhi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Pale vipo vidole elfu.

Ombi langu ni dogo na halihitaji mfadhili. Jumamosi moja kila mwezi, chini ya mwembe au kwenye darasa la shule ya msingi, mafundi wa mtaa mmoja wakutane kwa saa mbili. Awepo mtu mmoja wa kuongoza, na fimbo akipenda. Kila mtu aseme mambo matatu: ninacho nini, natafuta nini, nimekwama wapi. Siri inayokulisha usiitoe, hakuna atakayekulazimisha. Lakini ile uliyoipata kwa kuunguza vidole, na ambayo haikupunguzii mteja, itoe. Na ukichukua cha mwenzio, fanya kama yule wa dola 10.

Redio nane za mjomba zilikaa rafuni mpaka kibanda kilipovunjwa. Moja ilikuwa National ya mzee mmoja wa Kihonda, aliyekuja mara nne kuiulizia.

Nawatakia wiki njema. Tukutane tena wiki ijayo, siku na saa kama hii.